Pangaboi Nililolipiga Msasa

Harufu ya vanishi na petroli pamoja sikuwahi kuisikia tena tangu utoto wangu, mpaka Ijumaa iliyopita nyumbani kwa binti yangu, Mabela. Kila moja peke yake nnaijua. Nna karakana ya kushona viti vya magari pale Wattaya, petroli nnainusa tangu asubuhi mpaka jioni, na vanishi naiona kwa jirani yangu seremala. Lakini zote mbili pamoja, chini ya paa la bati, na jua la Maskati linazipika, hiyo ni harufu nyingine. Nilisimama mlangoni pa banda nikashindwa kutia mguu ndani.

"Mama, umechoka na safari?" Thuraya akaniuliza. "Ingia, huku kuna feni."

Sikuchoka. Kutoka kwangu Amerat mpaka Mabela nnaendesha mwenyewe, na nnawapita vijana njiani. Nikamwambia ampishe mama yake, nikaingia.

Thuraya ni binti yangu wa mwisho, mhandisi, na mumewe Khalfan naye ni mhandisi. Watu wengine wakipata nafasi nyuma ya nyumba wanafuga mbuzi. Hawa wameunda ndege. Ndege kweli, ndogo, ya viti viwili, na hivyo viti nimewashonea mimi, ngozi safi, uzi wa nailoni, huoni mshono. Ruhusa ya kuruka walikuwa bado wanaisubiri. Siku hiyo ilikuwa ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza, ndege imefungwa mkia, isiende popote. Wakaniita nije nishuhudie, kwa kuwa maisha yangu yote nimewasimulia wanangu kwamba mama yao, huyu aliyeishia darasa la nne, aliwahi kutengeneza pangaboi la ndege kwa mikono yake.

Basi nikaenda moja kwa moja kwenye pangaboi lao, pale puani kwa ndege. La mbao, linang'aa. Nikalipapasa toka kati mpaka ncha, kama nnavyopapasa kiti kilichokwisha kushonwa. Nikalirudia. Mkono ukanambia hapa kuna kasoro.

"Nani kakupigieni msasa hili?"

"Limekuja limekwisha, Mama. Kwa nini?"

"Fundi wenu mvivu. Limepinda. Hebu tazama, huku limelala, huku limesimama. Hili halikumaliziwa."

Khalfan akatazama chini, ile adabu ya mkwe anayeona mama mkwe kakosea. Thuraya hana adabu hiyo, kaninyonya mimi.

"Ndivyo linavyotakiwa, Mama. Huo mpindo ndio unaokamata hewa. Likiwa bapa halivuti kitu."

"Halivuti?"

"Linazunguka tu, linapendeza, basi. Kama kukoroga uji kwa makali ya kisu. Upepo hautoki, na ndege haiendi."

Nikaomba kiti.

Wakaniletea kiti na maji. Walidhani ni joto. Na mimi nimekaa pale mikono magotini, mtu mzima mwenye wajukuu, nnahisabu upya utoto wangu wote, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba aliyolala miaka yote ilijengwa kwenye ardhi ya mwingine.

Nyinyi mliokuja Maskati wakati tulipokuja sisi mtanielewa. Tulikuja na Kiswahili chetu na mabegi yetu, mji wenyewe ndio kwanza unafunguka, barabara mbili tatu, na kila siku mlima fulani unachimbwa. Mimi nilikuja na Baba, peke yetu. Mama yangu na kaka yangu mdogo, ambaye alikuwa bado ananyonya, walibaki Unguja. Baba alisema watakuja nyuma. Sikumuuliza nyuma ya nini. Nilikuwa mtoto, nilifikiri "nyuma" ni mahali, na kwamba Mama kakaa hapo na mtoto mapajani anangojea aitwe.

Tulifikia kwa Shangazi Zuena, dada yake Baba, Wattaya. Msiifikirie Wattaya ya leo. Ilikuwa mawe, vumbi, nyumba chache za matofali, na mlima mweusi unaotupa joto usiku kama jiko lililosahauliwa. Kiarabu sikijui. Watoto wa mtaani wananiita wakinipigia mluzi kama wanavyoita kuku. Skuli nilipelekwa nikakaa nyuma kabisa, sielewi, nikirudi nalia. Namlilia Mama. Nilikuwa nna kanga yake moja, nyekundu na nyeupe, aliyonifungia nguo zangu siku ya kuondoka. Nalala nayo usoni, mpaka harufu yake ikamalizika ikabaki harufu yangu mwenyewe.

Baba alikuwa fundi. Unguja alifanya kazi uwanja wa ndege, anafungua na kufunga injini za ndege ndogo, na alikuwa hodari, hilo simnyimi. Maskati akapata kazi gereji. Siku moja akaja na injini ya gari ile ndogo yenye mgongo wa kobe, ambayo injini yake hukaa nyuma na haitaki maji. Akaiweka uani kwa Shangazi juu ya magogo mawili. Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hii nini tena, kaka yangu? Uani mwangu nnaanika samaki!"

"Hii ndege, Zuena."

"Ndege! Basi mwambie atage."

Baba akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na macho mekundu. Akanitazama, akanambia, wallahi nayasikia maneno yake mpaka leo: "Njoo, mama. Hii ndiyo itakayotupeleka kumchukua mama yako."

Toka siku ile sikuwa na kazi nyingine duniani. Nikitoka skuli naingia uani. Nilikuwa nazisafisha plagi kwa petroli na brashi ya meno, nazipanga juu ya gazeti kama pipi. Nilijua nati ipi ya bolti ipi. Nilijua kuchungulia oili, unachomoa kijiti, unafuta, unarudisha, unachomoa tena, ndio unasoma. Shangazi alikuwa akipiga kelele kwamba naharibika, mtoto wa kike mikono myeusi kama ya muuza makaa, nani atamwoa. Baba anamjibu, "Mwache. Ana mkono." Mwenzenu nililala na maneno yale. Ana mkono.

Ndege ikakua. Mabomba ya chuma, mbao nyembamba, kitambaa kilichopakwa vanishi kikakaza kama ngozi ya ngoma. Viti viwili ubavu kwa ubavu. Mimi nilikuwa na wasiwasi mmoja tu.

"Baba, tukirudi na Mama na mtoto, nitakaa wapi?"

"Wewe utapakatwa na mama yako. Na mtoto utampakata wewe."

Nikaridhika. Nilikaa juu ya mto wa Shangazi nikajaribu kujipunguza, nione nitaenea kiasi gani mapajani pa mtu. Nikaanza hata kula kidogo nisije nikazidi uzito. Shangazi akadhani nna minyoo, akaninywesha mafuta ya nyonyo.

Pangaboi Baba alilichonga mwenyewe, mbao zilizogandishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka, kisha randa, kisha tupa. Alichukua muda mrefu khasa. Analipima, analiweka katikati juu ya msumari kuona upande gani mzito, anakwangua kidogo, anapima tena. Alinionesha namna lilivyojipinda kama jani la mgomba linapotaka kukunjuka. Akanambia, "Siku ya kuliwasha utasimama nyuma ya ndege, mbali, hapo penye ukuta. Ushike kanga ya mama yako juu. Utaona upepo wake. Kanga itataka kukuponyoka mkononi." Nilikuwa nangojea siku hiyo kama watu wanavyongojea mwezi wa Idi.

Kisha akaja tajiri.

Jina lake silisemi, kafa na wanawe ni watu wema. Alikuwa anajenga duka la magari pale njiani, la mwanzo mwanzo. Alikuja na gari yenye pua ndefu, akatoa viatu, akakaa barazani na Baba, wakanywa kahawa, wakala tende. Walizungumza Kiarabu na mimi nilikuwa bado naokota neno moja moja. Basi nikatazama mikono. Mwanamke wa karakana mpaka leo nnatazama mikono ya mteja kabla ya mdomo wake. Tajiri aliinua kidole akakizungusha hewani, mara nyingi, polepole, huku anatabasamu. Kisha akakitandaza kiganja, bapa, akakishusha mpaka kikakaa kimya juu ya mkeka. Baba akatazama kile kiganja kwa muda. Akatikisa kichwa kwamba amekubali.

Mimi nikaelewa yangu. Nikaelewa kwamba tajiri anasema ndege itapaa, itazunguka juu ya mji, kisha itatua salama Unguja, kwa upole, kama kiganja juu ya mkeka. Nikampenda yule mtu. Alipoondoka nilimkimbilia nikamsogezea viatu vyake.

Siku ya pili yake nilikuwa nalia. Sikumbuki kwa nini, labda skuli, labda hakuna sababu. Baba hakunibembeleza. Alilitoa pangaboi ukutani, akaliweka juu ya meza, akachukua penseli akachora mistari pembeni mwa kila ubawa. Akanipa kipande cha mti kilichovingirishwa msasa mkali.

"Piga hapa mpaka mstari upotee. Na huku, upande wa chini, vilevile."

"Mbona unalipunguza, Baba?"

"Nalilainisha. Likilainika ndio linakwenda mbio."

Nikaanza. Nilikuwa bado nashusha makamasi. Akanishika kifundo cha mkono. "Usilie ukiwa na kazi. Ukilia mkono unatetemeka. Mkono ukitetemeka, ndege inaanguka na mama yako ndani."

Khalas. Nikaacha kulia. Nataka mnielewe, niliacha kweli. Sijalia tena toka hapo, hata kwenye mazishi. Watu husema nna moyo wa jiwe. Wakati naanza biashara yangu, mashine moja ya kushonea chumbani kwangu, mume kanikimbia, watoto watatu, nilikuwa nashona na mkono hautetemeki. Nilijivunia hilo. Nilikuwa nikisema, nimefunzwa na baba yangu.

Na kila nilipotaka kulia, kulikuwa na msasa. Nikimkumbuka Mama usiku, asubuhi napiga msasa. Watoto wakinicheka, napiga msasa. Baba naye alikuwa anapita na tupa mahali ambapo mkono wangu hauna nguvu, halafu ananiachia mimi kumalizia. Vumbi la mbao lilikuwa tamu, linaingia puani na kwenye chapati. Ule mpindo wa jani la mgomba ukawa unalala kidogo kidogo chini ya kiganja changu. Palipokuwa pamesimama pakalala. Palipokuwa pazito pakawa pepesi. Mpaka pangaboi lote likawa bapa, nyororo, jembamba kama rula ya skuli, na mimi nikafumba macho nikalipapasa toka kati mpaka ncha, nikasema sasa ndio limekamilika. Nikamwita Baba aje aguse.

Akaja. Akagusa. Akasema, "Kazi nzuri." Hakunitazama.

Siku ya kuwasha ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Mtaa mzima ulikuja, wengine juu ya ukuta. Baba alikuwa kavaa kanzu mpya, jambo ambalo hakuna fundi anayelifanya karibu na injini. Magurudumu yamekingwa kwa matofali. Mkia umefungwa kwa mnyororo kwenye shina la mkunazi. Ndoo ya mchanga hapa, ndoo ya mchanga pale, kwa ajili ya moto. Mimi nilichungulia oili kwa mara ya mwisho nikatangaza kwa sauti kwamba ipo sawa, na watu wakacheka wakanipigia makofi. Rafiki yake Baba wa gereji alikaa ndani kushika swichi. Baba akasimama mbele.

"Imezimwa?"

"Imezimwa!"

Akalivuta pangaboi kwa mkono mara kadhaa, polepole, injini inywe petroli na oili ipande. Kila likizunguka nasikia ile pumzi ya injini, kama mtu anayeota.

Hapo ndipo nilipokimbia ndani kuchukua kanga. Nilikuwa nimeifua kwa siri. Nikapita nyuma ya watu mpaka kwenye ukuta, nyuma kabisa ya mkia, pale pale aliponionesha. Nikanyoosha mikono juu, kanga ikakunjuka.

Baba akaniona. Kwa urefu wa ile ndege yote, juu ya mabawa, aliniona, akaona kanga. Akageuza uso. Akachukua spana akaanza kukaza bolti ambayo mimi mwenyewe nilimshuhudia akiikaza asubuhi.

Mtoto huona kila kitu na hajui alichokiona. Nilifikiri ana hofu.

"Iwashwe!"

"Imewashwa!"

Akavuta mara moja kwa nguvu, akaruka nyuma. Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Jamani, ile sauti! Shangazi, aliyekuwa hataki hata kuisikia habari ya ndege, alipiga kigelegele mpaka mtandio ukamvuka. Pangaboi likapotea, likawa duara la nuru, kama sahani ya kioo. Watu wanapiga kelele, wanataja jina la Mungu, tajiri kasimama mbele na kanzu yake nyeupe, karibu kabisa, anatabasamu, na kanzu yake haitikisiki.

Na kanga yangu haitikisiki.

Iliningʼinia mikononi mwangu kama nguo iliyoanikwa chumbani. Nikainyoosha juu zaidi. Nikasimama juu ya tofali. Nikasogea mbele, mpaka mtu akanivuta bega, "We mtoto, rudi!" Nikarudi, nikainyoosha tena. Mikono ikaniuma. Injini inanguruma, ardhi inatetemeka chini ya miguu, na kitambaa kimekufa.

Wengine wote walikuwa na furaha. Mimi peke yangu uani pale nilijua kuna kitu kibaya, na nilijua ni kosa la nani. Langu. Mahali fulani sikulainisha vizuri. Mahali fulani mkono ulitetemeka.

Asubuhi yake, kabla Baba hajaamka, nilichukua msasa laini nikapanda juu ya kopo, nikaanza kulipiga tena pangaboi likiwa pale pale puani kwa ndege. Shangazi ndiye aliyenikuta. Aliniuliza nafanya nini, nikamwambia, ili liwe na upepo, tuweze kwenda kwa Mama. Shangazi akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za sala. Akaniita nije, akanipakata, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Yeye pia alinyamaza.

Lori lilikuja mchana. Wakaipakia ndege. Baba akanambia inakwenda kufanyiwa majaribio. Nikauliza lini inarudi, akasema karibu. Baada ya siku kadhaa tulipita njia kuu kwa gari, nikaiona. Iko juu ya nguzo mbili, mbele ya duka la tajiri, imepakwa rangi nyekundu, na chini yake magari mapya yamepangwa. Injini ilikuwa ikiwashwa jioni watu wakipita. Pangaboi linazunguka, linapendeza. Chini yake watoto wanakula askrimu, na hakuna hata karatasi ya askrimu inayopeperuka.

"Baba, ile yetu!"

"Ile ya tajiri," akasema, akakanyaga mafuta.

Nilipokuwa msichana mkubwa Shangazi alinifunulia la Mama. Hakukuwa na "nyuma". Baba alikuwa kamwacha Mama kabla hatujasafiri, na hakuna aliyekusudia kwenda kumchukua mtu. Nilipopata pesa zangu mwenyewe, za mkono wangu, nilikwenda Unguja. Mama nilimkuta mzee, haoni vizuri, kanishika uso kwa vidole.

"Baba yako alikuomba kwangu kwa ajili ya Idi," akanambia. "Alisema, nakwenda naye kumvisha nguo za Idi, namrudisha. Nikakufungia nguo zako kwenye kanga. Na wewe alikwambia nini?"

"Kwamba tunakuja kukuchukua na ndege."

Akafikiri. "Ilikuwa kubwa?"

"Viti viwili. Mimi ungenipakata."

Alinivuta mkono nikae karibu naye, mwanamke wa kilo zangu zote hizi, akaniwekea kichwa changu pajani kwake. Hatukuwa na muda mrefu baada ya hapo.

Sasa, hayo yote nilikuwa nimekwisha kuyalipia. Mwanamume kudanganya kwa sababu ya mwanamke, hilo nnalijua, limenipata na mimi. Baba alipokuwa mgonjwa nilimwosha na kumlisha kwa mkono wangu. Niliamini kwamba alikuwa muongo wa maneno, lakini ile kazi ilikuwa kweli. Kwamba ndege alitaka iruke, haikuruka, akaiuza kwa aibu. Kwamba pale mezani, mimi na yeye na msasa, hapakuwa na uongo. Ndicho kitu pekee chake nilichokiweka. Nimejenga karakana juu yake.

Na Ijumaa ile, Mabela, binti yangu akanambia kwa neno moja kwamba mkono wangu ndio uliolipiga msasa pangaboi mpaka likaacha kuwa pangaboi. Kwamba kile kidole na kile kiganja bapa cha tajiri yalikuwa maagizo, lizunguke tu, lisipeperushe kitu, na Baba alijua. Fundi wa ndege, aliyelichonga kwanza sawasawa, kwa mpindo wake, alijua kila siku aliponisimamia ni nini nnachokifuta. Alinipa machozi yangu niyafanyie kazi ya kuhakikisha hatutakwenda. Halafu akaja, akagusa, akasema kazi nzuri.

Angeweza kulipiga mwenyewe. Hilo ndilo nisilolimaliza. Alikuwa na randa, angelimaliza kwa muda mfupi. Kwa nini anipe mimi?

Thuraya alikuwa kachuchumaa mbele yangu. "Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Washeni."

"Tungoje kidogo, joto..."

"Nimesema washeni. Yalla."

Wakaisukuma ndege mpaka kiwanjani nyuma ya nyumba. Wakakinga magurudumu, wakafunga mkia. Khalfan akaingia ndani, Thuraya akazunguka akitazama kila bolti na kila mpira wa petroli, na nikaona kwamba na yeye ana mkono. Nikainuka kwenye kiti changu nikapita nyuma ya mkia, mbali, nikasimama penye ukuta.

"Mama, usikae hapo! Vumbi!"

"Hapa hapa."

"Mama!"

"Thuraya, fanya kazi yako."

Nikakifungua kilemba changu cha mtandio, nikakishika kwa mikono miwili, nikakinyoosha juu. Mkwe wangu sijui alifikiri nini. Injini ikakohoa, ikashika, na ile sahani ya kioo ikatokea.

Upepo ulinipiga kifuani kama mlango. Mchanga machoni, mdomoni, nguo zimenibana mwilini, mtandio ukaruka juu ukapiga kelele kama kitu hai, ukanivuta mabega, unataka kuondoka na mimi. Ndivyo alivyosema. Neno kwa neno. Kanga itataka kukuponyoka mkononi. Alijua mpaka utakavyovuta.

Niliushika mpaka Thuraya alipozima. Akanijia mbio, akanifuta uso kwa mkono wake, akasema, "Mama, mchanga umekuingia machoni."

Nikamwambia ndiyo, mchanga. Nikamwonesha mikono yangu, aitazame. Ilikuwa inatetemeka yote miwili, na sikuizuia.